Ulijua Lini?

Kabla ya upasuaji nilikuwa na sauti isiyohitaji maikrofoni. Siku za wiki nilifundisha darasa la pili katika shule ya msingi hapa Bahati, karibu na Nakuru, na Jumamosi nilikuwa MC. Harusi, ruracio za kupeleka mahari, mazishi, michango ya karo, ufunguzi wa makanisa: hema likisimamishwa popote kati ya Bahati na Dundori na watu wakahitaji mtu wa kuwaambia lini wakae na lini wale, mara nyingi niliitwa mimi. Stima ikipotea katikati ya sherehe, vijana wa vyombo walinigeukia, nami niliendelea kama kwamba hakuna kilichoharibika. Hata wale wanaopenda kusimama nyuma karibu na sufuria za pilau walinisikia.

Baba yangu alifanya kazi ya reli. Tulizaliwa katika nyumba za reli mjini Nakuru, mahali ambapo garimoshi likipita na unataka mwenzako akupitishie chumvi, lazima upaze sauti. Nadhani ndipo nilipojifunzia. Niliolewa Bahati kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mume wangu, mtu wa maneno machache, alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye hakuoa mke, alioa redio.

Kisha shingo yangu ikaanza kuvimba. Mwanzoni nilifunga skafu na watu wakasifu skafu. Uvimbe ulipofika mahali pa kunizuia kulala chali, nilienda hospitali ya kibinafsi mjini, na daktari mmoja mtu mzima, mpole, mwenye mikono safi kama ya mpishi wa keki, akaniambia ni goita na itabidi itolewe. Alisema ni upasuaji wa kawaida. Nilimwamini, na sioni aibu kusema hivyo hata leo. Ukilala juu ya kitanda kile chembamba, huna lingine la kufanya ila kuamini.

Nilipoamka nilitaka kuomba maji. Nilifungua kinywa, nikasukuma pumzi, na kilichotoka kilikuwa upepo tu. Muuguzi aliinama akaniuliza nasema nini. Nikajaribu tena. Upepo.

Daktari alipopita asubuhi alinishika bega akasema nisiwe na wasiwasi, ni bomba la usingizi lililokwaruza koo. Sauti ingerudi baada ya wiki chache. Ninywe maji ya uvuguvugu yenye asali na nipumzishe koo.

Nilipumzisha koo. Nilikunywa asali mpaka mume wangu akauliza kama nataka tufuge nyuki badala ya ng'ombe. Wiki zikawa miezi. Niliporudi kwa daktari alisema kidonda cha ndani bado kimevimba, ndicho kinachobana sauti. Niliporudi tena baada ya mwaka alisema miili haifanani, ya wengine huchelewa. Mara ya mwisho aliniuliza kama nyumbani kuna shida, kwa sababu mawazo mengi humfanya mtu apoteze sauti. Nilitoka pale nikijitazama ndani kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha mwenyewe.

Maisha ya kunong'ona si maisha ya kimya kama watu wanavyodhani. Ni maisha ya kelele za wengine. Wanafunzi wangu walinipenda, lakini watoto wa miaka saba hawawezi kunyamaza kwa ajili ya mapenzi. Nilinunua filimbi ya refa. Baadaye mwalimu mkuu, kwa huruma, akanihamishia stoo ya vitabu. Nikipiga simu, watu waliniambia mtandao ni mbaya wakakata. Mwendesha boda boda alinipitisha lango langu mara nyingi kwa sababu hakusikia nikimwambia asimame, mpaka nikazoea kumgonga mgongoni. Chai ilinipalia. Kazi ya MC iliisha bila mtu kuniambia imeisha. Simu hazikuja tu.

Na kugombana na mume wangu kukawa hakuwezekani. Mtu hawezi kumshinda mwenzake kwa kunong'ona. Yeye naye alipoona sina silaha, aliacha kujibu, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Ukimya wake wa heshima uliniuma kuliko ugomvi.

Jambo lililoniumiza zaidi ya yote lilikuwa mama yangu. Alikuwa amerudi kijijini kwao, magharibi mwa Kenya, baada ya baba kustaafu, na masikio yake yalikuwa mazito. Zamani tulizungumza kwenye simu kila Jumapili baada ya kanisa, mimi nikipaza sauti hadi majirani wakajua habari zake zote. Baada ya upasuaji hakunisikia tena. Mume wangu alishika simu, mimi nikanong'ona, yeye akayarudia maneno yangu kwa sauti yake nzito, na mama akawa anamjibu yeye. Alipofariki, mimi niliyekuwa nimeongoza mazishi ya nusu ya kata hii, nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasikiliza mtu mwingine akimtaja mama yangu kwenye maikrofoni na kukosea jina la kijiji chake.

Majirani waliniambia nikamshtaki daktari. Nilikataa. Nimshtaki kwa kosa gani? Alinitoa goita, nikapona. Sauti ilikuwa njiani, yeye mwenyewe alisema. Na katika kungoja huko miaka mitatu ikapita, nami sikujua kwamba kuna saa mahali fulani iliyokuwa ikinihesabia.

Zaidi ya miaka minne baada ya upasuaji ule, upande wa kushoto wa shingo ulivimba nao. Ugali ukawa haupiti. Safari hii nilielekezwa hospitali nyingine, kwa daktari wa koo, mwanamke kijana ambaye kwa umri ningeweza kuwa nilimfundisha darasa la pili. Kabla ya lolote alipitisha kamera nyembamba puani mwangu, akatazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akaniuliza nimekuwa hivi tangu lini. Nilimwambia. Hakusema lolote la asali.

Alinifanyia upasuaji. Siku ya pili alikuja akavuta kiti, akakaa. Mume wangu alikuwepo, kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "kuna kitu nimekikuta, na nisipokuambia nitakuwa nimekukosea. Neva ya sauti ya upande wa kulia imekatwa. Haikuvimba wala haikuchoka. Ilikatwa kwenye ule upasuaji wa kwanza, na ncha yake ikafungwa na uzi pamoja na mshipa wa damu. Uzi nimeuona."

Nilimuuliza kama sauti itarudi.

"Kwa njia ile uliyokuwa ukiingoja, hapana. Haingerudi tangu siku ile."

Nilitegemea kulia na sikulia. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wepesi, kama mtu aliyekuwa amebeba gunia la viazi la mtu mwingine na sasa ameambiwa si lake. Kwa hiyo sikuwa na wazimu. Sikuwa na imani haba. Sikuwa nimepumzisha koo vibaya. Hasira ilikuja baadaye, tukiwa kwenye pikapu ya maziwa njiani kurudi nyumbani, na ilikuja yote mara moja. Mume wangu alisimamisha gari kando ya barabara akaningoja nimalize.

Miezi michache baadaye, shingo ilipopona, nilienda kwa wakili mmoja mjini. Hakunikalisha hata kwenye kiti kizuri. Aliuliza upasuaji ulikuwa mwaka gani, nikamwambia, akatikisa kichwa. Sheria, alisema, inampa mtu aliyeumizwa kwa uzembe miaka mitatu ya kwenda kortini. Yangu ilikuwa karibu mitano. "Nenda nyumbani, mwalimu. Umechelewa."

Nikaenda nyumbani. Nimefundisha miaka mingi na ninaheshimu neno la mtu aliyesoma kitu ambacho sijasoma. Nilimwambia mume wangu mlango umefungwa, akasema basi, na tukarudi kwenye ng'ombe. Nilikaa hivyo miezi mingine mizima.

Kilichoniokoa kilikuwa kliniki ya kawaida ya kukaguliwa shingo. Daktari wa koo aliniuliza kesi imefika wapi. Nilimnong'onezea kwamba hakuna kesi, muda uliisha. Akaacha kuandika. Alisema yeye si mwanasheria, lakini aliwahi kutoa ushahidi kwa wakili mmoja mama hapa Nakuru, na alikumbuka wazi kwamba kulikuwa na habari ya mtu asiyejua. Nimwone huyo mama, na nisingoje mwezi uishe.

Ofisi ya wakili huyo ilikuwa juu ya duka la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, na ngazi zake zilinuka chakula cha kuku. Alikuwa mama wa umri wangu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliniambia nivute kiti mpaka karibu naye kabisa kwa sababu hakutaka kukosa neno.

"Ulijua lini?" akauliza.

Nilimwambia nilijua siku nilipoamka kitandani nikakosa sauti.

"Jibu hilo ukilipeleka kortini tutafukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Nisikilize tena. Ulijua lini?"

Nilianza kukasirika. Nikasema upya: siku ile ile, niliamka, nikaomba maji, hapakutoka kitu.

"Hapo ulijua nini?"

"Kwamba sina sauti."

"Ulijua kwa nini huna?"

Nje kulikuwa na mhubiri wa barabarani na spika yake. Nilipitia yale majibu yote kichwani: bomba, kidonda, miili haifanani, mawazo. Nikamwambia hapana, sikujua kwa nini. Nilijua kwa nini siku daktari wa koo alipokaa kwenye kiti akaniambia habari ya uzi.

Wakili aliegemea nyuma. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kutoa na kukopa. Miaka mitatu ni kweli, na kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ulipoumizwa. Lakini sheria inajua kuna watu walioumizwa ambao jambo kubwa la kesi yao lilifichika, wasiweze kulijua hata wangekuwa makini vipi. Mtu wa namna hiyo anaweza kwenda kuomba ruhusa ya kushtaki nje ya muda. Ruhusa hiyo nayo ina saa yake: lazima uende ndani ya mwaka mmoja tangu ulipojua.

"Sasa niambie," akasema. "Hiyo siku ya uzi ilikuwa lini?"

Nilimwambia. Alihesabu kwa vidole, akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Huu ni mwezi wa kumi na moja, Mwalimu."

Sikuwahi kumwona mtu akiinuka kwenye kiti upesi hivyo. Alianza kuandika hapo hapo, na akaniambia kazi yangu ni moja: kumpata daktari wa koo aape kwa maandishi yale aliyoyaona. Bila yeye, mimi ni mama anayelalamika tu.

Nilimpigia daktari, yaani mume wangu alimpigia nami nikanong'ona pembeni. Wiki hiyo yote alikuwa Naivasha. Kanisa moja lilikuwa limeandaa kambi ya matibabu Karagita kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua, na hangetoka mpaka iishe. Alisema tukija tutamkuta.

Tulikwenda kesho yake baada ya kupeleka maziwa. Karagita tuliacha gari karibu na barabara tukatembea katikati ya vyumba vya kupanga, nguo zikikauka kila mahali. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu, wengi wao kina mama waliotoka zamu, mikono yao imechubuliwa na miiba ya waridi. Njiani kote nilikuwa nikijiandaa kwa maneno ya kumbembeleza. Nilijua madaktari hawapendi kusemana. Nilikuwa tayari kumwambia nimeelewa kama hawezi.

Aliposikia tunachotaka aliomba dakika chache amalize na mtoto aliyekuwa mbele yake. Halafu badala ya kula chakula cha mchana alipanda pikapu yetu, akakaa katikati yetu na viatu vyake vya mpira, tukaenda mjini Naivasha kwa wakili anayepokea viapo. Alisoma kila mstari. Sehemu moja alikataa, akasema hilo hakuliona kwa macho yake, lifutwe. Likafutwa. Kisha akainua mkono akaapa.

Kwenye gari nilimshukuru. Akasema, "Nilichokiona nitakisema popote watakaponiuliza. Lakini usinishukuru sana, Mwalimu, ulipaswa kuambiwa na mwingine, zamani."

Ombi liliingia kortini likiwa bado na siku za kupumua. Lilisikizwa ofisini kwa hakimu, upande wa pili haukuwepo, mimi mwenyewe sikuhitajika. Nilikuwa stoo nikipanga vitabu vya hesabu wakili aliponipigia. Alijua siwezi kujibu kwa sauti, kwa hiyo hakungoja salamu. "Tumeruhusiwa," akasema. Nilipiga filimbi. Niliipuliza kwa nguvu zangu zote mle stoo, na darasa zima la nne, lililokuwa kwenye jua likifanya mazoezi ya viungo, likasimama.

Wakili alinionya nisianze kusherehekea. Ruhusa ile ilitolewa bila wao kusikizwa, na kesi ikianza wangeipinga. Wangesema nilijua siku zote. Wakishinda hapo, habari ya neva haitafika hata mezani.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kusikizwa mume wangu alivaa suti ya harusi yetu, ambayo bado inamtosha, na mimi sikuvaa skafu. Nilitaka kovu lionekane. Daktari wa kwanza alikuwa ameketi upande wa pili karibu na mwakilishi wa hospitali. Alikuwa amezeeka. Alinisalimu kwa kichwa na mimi nikamsalimu, kwa maana nimelelewa hivyo.

Nilipoitwa, karani alipendekeza kwamba yeye asimame karibu nami ayarudie maneno yangu kwa sauti ili korti isikie. Hakimu akaniuliza kama nakubali. Nilifikiria yale mazungumzo ya Jumapili na mama, maneno yangu yakitoka katika kinywa cha mtu mwingine. Nikatikisa kichwa. Nikanong'ona kwamba kama korti itaniruhusu, nitasema mwenyewe.

Hakimu alifanya jambo ambalo sitalisahau. Aliagiza madirisha yafungwe kwa sababu ya honi za barabarani. Aliagiza feni izimwe. Kisha akasema kiti changu kisogezwe mpaka karibu na meza yake, na mawakili wote wawili wasogee na viti vyao. "Korti hii haina haraka," akasema. "Sema polepole, Mwalimu." Na chumba kizima, hadi watu wa benchi la nyuma waliokuja kwa kesi zao za mashamba na mifugo, kikanyamaza. Nimesimama mbele ya mahema yenye watu mamia, na sijawahi kusikizwa namna ile.

Wakili wa hospitali alikuwa kijana mwenye adabu. Aliuliza maswali mafupi, na kila swali lilikuwa na jibu moja tu.

"Ulipoamka baada ya upasuaji, uliweza kuzungumza?"

"Hapana."

"Ulijua kwamba huwezi?"

"Nilijua."

"Tangu siku hiyo hiyo?"

"Tangu siku hiyo hiyo."

Alimgeukia hakimu kama mtu aliyefunga mlango taratibu, akasema hana swali lingine. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akiitazama kofia yake.

Wakili wangu alisimama. Alisema ana swali moja.

"Mwalimu, siku hiyo ulijua ni kwa nini?"

Nilikuwa nimekaa na jibu hilo tangu siku ile ofisini, lakini lilipotoka halikutoka kama tulivyolipanga. Nilisema, "Siku hiyo niliambiwa ni bomba. Baadaye nikaambiwa ni kidonda. Baadaye nikaambiwa ni mawazo ya nyumbani. Kila niliporudi niliuliza, Mheshimiwa, na nilimuuliza mtu niliyedhani anajua kuliko mimi. Nilijua sauti yangu imepotea. Sikujua kuna mtu aliyeikata."

Pumzi yangu iliishia hapo. Hakimu aliandika kwa muda, akarudia kimoyomoyo, akaandika tena.

Daktari wa koo alitoa ushahidi wake baada yangu, wazi na mfupi, kama alivyoahidi. Daktari wa kwanza akaja mwisho. Wakili wangu hakumfokea. Alimuuliza tu kama, katika miaka yote niliyorudi kwake, aliwahi kupitisha kamera kutazama nyuzi za sauti. Akasema hapana. Akamuuliza kama alishuku neva. Akasema ndiyo, alishuku tangu mwezi wa kwanza baada ya upasuaji. Na kwa nini hakumwambia mgonjwa? Akasema hakutaka kunitia hofu.

Nilishangaa kwamba sikumchukia. Nadhani alisema kweli, au sehemu ya kweli. Lakini niliona kalamu ya hakimu ikienda, na nikajua wakili kijana naye ameiona.

Hukumu ilisomwa asubuhi moja ya baridi. Hakimu alianza na suala la muda. Alisema kupoteza sauti ni jambo moja na kujua kwamba sauti hiyo ilipotezwa kwa kosa ni jambo lingine, na kwamba mtu aliyeuliza mara zote hizo na kupewa majibu mengine mara zote hizo hawezi kuambiwa alilala. Kesi ilikuwa imeletwa ndani ya mwaka mmoja tangu nilipojua. Ilikuwa ndani ya muda. Kisha akaingia kwenye uzembe wenyewe, na hapo pia nikashinda, lakini nikisema kweli, nilikuwa nimeacha kusikiliza kwa makini. Mimi nilishinda pale kwenye muda. Nilipoambiwa sikuchelewa, ile miaka yote ya asali na ya stoo ilibadilika. Haikuwa tena uzembe wangu.

Mume wangu, mtu wa maneno machache, alitoka nje ya korti akasimama kwenye ngazi akaanza kuwapigia simu watu wote tunaowajua, mmoja baada ya mwingine, akiongea kwa sauti kubwa sana. Wapita njia waligeuka. Nilimwacha. Tulikula nyama choma mchana ule pamoja na wakili, ambaye alikula kuliko sisi wote na kukataa kuzungumzia sheria.

Hospitali ilisema itakata rufaa. Haikukata. Kwa fidia hiyo nilikwenda Nairobi kufanyiwa upasuaji ambao daktari wa koo alikuwa amenieleza, wa kuusogeza uzi wa sauti wa upande wa kulia, uliolala, mpaka ukutane na mwenzake. Unafanyika mgonjwa akiwa macho, kwa sababu daktari hukuambia useme, husogeza kidogo, hukuambia useme tena. Nilikuwa nikihesabu moja, mbili, tatu kama darasa la pili. Nilipofika saba, saba ilitoka na sauti ndani yake. Wote mle chumbani waliisikia. Daktari akasema, "Hapo hapo, usitikisike."

Sauti niliyopewa si ile ya zamani. Ni nene, ya chini, ina mchanga ndani yake. Kwenye simu watu huniita mzee. Siwezi kuishinda stima iliyopotea. Lakini inafika upande wa pili wa chumba. Nimerudi darasani. Na watu wameanza kuniita tena, si kwa harusi sana, kwa mikutano: vikundi vya kina mama, chama cha maziwa, makanisa. Wananiomba nieleze habari ya muda.

Mwaka jana niliongea katika mkutano wa wakulima wa viazi Dundori. Nilipomaliza, mwanamume mmoja alinifuata nje, amevaa gumbuti zenye matope. Mke wake alikuwa amefungwa plasta mguuni ikabana mno, akalalamika siku nyingi bila kusikizwa, na mguu ukaharibika. Alisema amefurahi kujua ana miaka mitatu. Angeanza kuzunguka kutafuta wakili baada ya kuvuna.

Nilimuuliza ilikuwa hospitali gani. Ya serikali, akasema.

Nilimshika mkono. Wakili wangu alikuwa amenifundisha hilo pia, na mimi nililitaja harakaharaka mle ndani, yeye hakulisikia. Miaka mitatu ni ya hospitali za watu binafsi. Ukiishtaki serikali una miezi kumi na miwili tu. Nilimuuliza mke wake alifungwa plasta lini. Akaanza kufikiri, akataja msimu wa kupanda uliopita, na nikaona uso wake ukibadilika akihesabu.

"Mathe, kwani nimechelewa?"

"Bado," nikamwambia. "Lakini viazi vitangoja."

Mume wangu alikuwa kwenye pikapu. Tulimpandisha vile vile na gumbuti zake, tukapita kwake tukamchukua mke wake na magongo yake, tukateremka Nakuru. Tulipofika juu ya duka la agrovet wakili alikuwa akifunga mlango aende nyumbani. Alitutazama wanne tulivyosimama kwenye ngazi, akautazama mguu wa yule mama, akafungua mlango tena, akamvutia kiti karibu naye.

Kesi yao bado inaendelea. Karatasi ziliingia kortini wiki ile ile, mume na mke wakiwepo, mimi nikiwa benchi la nyuma. Ziligongwa muhuri na tarehe ikiwa bado upande wao.